Nyota Tatu kwa Kila Herufi

Mwalimu Devotha wa darasa la awali pale Maisaka hakuwa mtu wa majivuno, lakini mwaka ule kichwa kilimvimba kidogo, na haki ya Mungu hata wewe kingekuvimba. Shule yao ndogo ya binafsi ilikuwa imeletewa na wafadhili kompyuta nane za mezani, zilizokwisha kutumika huko zilikotoka, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kufundisha watoto herufi. Chura wa kijani anatokea chini ya skrini, ameshika jani, na kwenye jani kuna herufi. Juu yake yanapaa maputo manne, kila puto na herufi yake. Mtoto anasukuma kipanya, anagonga puto lenye herufi kama ile ya chura, puto linapasuka na nyota inashuka. Akipatia mara tatu, nyota tatu, anaenda herufi inayofuata. Watoto waliupenda mchezo ule kuliko uji, na uji wa shule ile ulikuwa na sukari.

Kufikia Novemba, watoto thelathini na nane kati ya arobaini na mmoja walikuwa wamemaliza herufi zote, nyota tatu kila moja. Devotha aliandika majina yao kwenye karatasi kubwa ya manila, akachora nyota kwa kalamu nyekundu, akaibandika mlangoni. Kila mzazi aliyekuja kumchukua mtoto alisimama hapo kwanza. Mwalimu Mkuu Hilary naye hakulaza damu, akaandika barua kwa walimu wa awali wa shule nyingine za mjini, waje Alhamisi wajionee wenyewe. Si mchezo, jamani! Mwanamke aliyekuja Babati kwa kumfuata mume, akitokea Bukoba, akaanza kazi kwa kufuta watoto kamasi, leo walimu wenzake wanakuja kujifunza kwake.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, saa nne, watoto wako nje wanakunywa uji, akaja Mzee Paskasi Tarmo kutoka Nangara, amemshika mkono mjukuu wake Ursula.

Huyu mzee ni mkulima wa mahindi na mbaazi, Mmbulu wa zamani asiye na maneno mengi. Mkewe alishafariki. Binti yao Paskalina anafanya kazi Arusha, na mtoto wake, Ursula, mwenye miaka sita, amemwacha kwa babu. Kila asubuhi mzee alimbeba nyuma ya baiskeli, anamshusha getini, anamtazama mpaka aingie darasani, ndipo anageuza. Hakuwahi kuuliza chochote. Kwake yeye mwalimu ni mwalimu, na akishamkabidhi mtoto amemaliza.

"Shikamoo, mzee wangu," Devotha akamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Habari ya kazi?"

"Nzuri. Mbona leo mmechelewa hivi? Na wewe Ursula, umenuna nini?"

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nisomee hii. Katekista alinisomea jana baada ya ibada. Nikadhani amekosea."

Katekista hakuwa amekosea. Ilikuwa barua ya shule ya masista, ambako Ursula alikwenda Jumamosi kufanya usaili wa kuingia darasa la kwanza. Sista alimwonyesha mtoto kadi za herufi, moja baada ya nyingine, kadi kumi na tano. Mtoto hakutaja hata moja. Hazijui herufi, barua ilisema, na hajawa tayari kuanza darasa la kwanza.

Damu ilimpanda Devotha. Huyu Ursula, huyuhuyu, alikuwa wa nne kumaliza mchezo darasa zima! "Haiwezekani," akasema. "Njoo, mzee. Njoo uone kwa macho yako."

Akawaingiza ndani, akawasha kompyuta ya dirishani, akamkalisha mtoto. Chura akatokea na jani lake. Ursula akagonga puto, paa, nyota. Akagonga jingine, nyota. Vidole vyake vidogo havikusita hata mara moja. Mzee Paskasi aliinama nyuma yake, kofia mkononi, akitazama nyota zinavyoshuka, na uso wake ukalainika kidogo.

"Unaona?" Devotha akasema. "Herufi zote hizi anazijua."

"Naona," mzee akasema. "Sasa kwa masista alinyamaza kwa nini?"

Hapo ndipo Devotha angemeza mate kwanza. Angesema, sijui mzee, nipe siku mbili nichunguze. Lakini alikuwa amechokozwa, na barua ile aliiona kama kofi alilopigwa yeye, tena mbele ya wageni wanaokuja Alhamisi. Akasema haraka, bila hata kumtazama mtoto: "Ujeuri tu huo, mzee. Watoto wengine ndivyo walivyo. Anajua, ila ameamua kutosema. Mbane nyumbani, atakwambia mwenyewe."

"Ujeuri," mzee akarudia polepole, kana kwamba analipima neno lenyewe.

Akavaa kofia yake, akamshika Ursula mkono, akaondoka naye. Hata kumwacha mtoto shuleni siku ile hakumwacha.

Uji ulipokwisha watoto wakarudi darasani, midomo imeganda uji, na Devotha akaendelea na somo. Lakini ile barua ilikuwa inamkera. Kadi kumi na tano, hata moja? Mtoto jeuri angalau angekosea kwa makusudi, angecheka, angetaja mbili akakataa nyingine. Akachukua chaki, akaandika M ubaoni, kubwa, peke yake.

"Haya, watoto, hii ni herufi gani?"

Darasa zima likapaza sauti, likaanza wimbo wa herufi toka mwanzo, ule wanaouimba kila asubuhi mwalimu akifuatisha kwa fimbo herufi zilizobandikwa ukutani. Wakaimba, wakapita herufi ile bila kusimama, wakaenda mpaka mwisho, wakapiga makofi.

"Hapana, hapana. Sijasema tuimbe. Hii hapa peke yake. Salvatory, njoo wewe."

Salvatory alikuwa kichwa cha darasa. Akaja kifua mbele, akaitazama ile M, akatabasamu. "Hiyo nina nyota tatu, mwalimu!"

"Najua una nyota tatu. Inaitwaje?"

Tabasamu likapungua. "Inafanana na ya chura."

"Ndiyo, baba, inafanana na ya chura. Jina lake nani?"

Salvatory akatazama ukuta, akaanza kunong'ona wimbo toka mwanzo, akihesabu kwa vidole, akapotea katikati. Devotha akamwita mwingine. Akaita wa tatu, wa kumi, wa ishirini. Akafuta M akaandika S, akafuta S akaandika K. Wawili tu walijua, na hao mama zao ni walimu wa sekondari, wamewafundisha wenyewe nyumbani. Wengine wote, weupe. Akakaa kwenye kiti cha mtoto mbele ya ile kompyuta ya dirishani, ambayo bado ilikuwa inawaka.

Chura alikuwa anamtazama. Halafu akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena, akafunga.

Mwaka mzima Devotha alikuwa akimwona chura yule akichezesha mdomo, na leo ndiyo mara ya kwanza alijiuliza anasema nini. Mama yangu! Akainuka, akaenda kabatini, akasogeza vitambaa vya kufutia ubao na madumu ya maji, akavuta boksi lililokuwa nyuma kabisa. Ndani yake, zimefungwa nyaya zao vizuri kwa mpira, zilikuwamo spika kumi na sita.

Alizifunga yeye mwenyewe, Februari. Kompyuta zilipoanza kutumika, zote nane zilikuwa zinapiga kelele kwa mkupuo, hii inataja herufi yake, ile yake, watoto nao wanashangilia, kichwa kinamgonga mpaka jioni. Siku ya tatu Mwalimu Mkuu Hilary alitoka darasa la nne, ambako ukuta ni mmoja, akasimama mlangoni akasema, "Mwalimu, hapa ni shule au ni mnada?" Devotha akaona aibu. Akachomoa spika zote, akaziweka kwenye boksi, akasema ni kwa muda tu, mpaka apate njia nyingine. Kesho yake darasa lilikuwa kimya, watoto wameinamia skrini, nyota zinashuka, raha mustarehe. Nani angezirudisha?

Na ndivyo ilivyokwenda. Asubuhi wanaimba, wimbo wote wanaujua kwa kichwa. Halafu wananakili herufi ubaoni, daftari safi, vema nyekundu ukurasa mzima. Halafu kompyuta, kwa zamu, nyota tatu. Zile kadi zake za zamani, alizokuwa miaka ya nyuma akimshikia mtoto mmoja mmoja usoni na kumuuliza hii nini, alizigawa kwa shule nyingine mwezi wa tatu kwa sababu, jamani, kompyuta ipo. Watoto walijua kuimba majina ya herufi na walijua kuziona sura zake, lakini fimbo ilipita mbio na wimbo, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusimama kwenye herufi moja akawaambia jina hili ni la sura hii. Mwalimu akiuliza "tumeelewa?" wanajibu kwa pamoja "ndiyooo!", na yeye akatosheka.

Akachomeka spika mbili za kompyuta ya dirishani. Sauti ya mwanamke ikatoka, nzuri, ya upole: "Hii ni M. M, kama mama."

Kisha Salvatory akapiga ukelele: "Chura anaongeaaa!" Zile siku tatu za Februari walikwisha kuzisahau; wakaruka kwenye madawati, wakasukumana, wakaizingira kompyuta wakicheka, wengine wanamwigiza chura, wengine wanamgusa mdomo kwenye skrini. Furaha waliyokuwa nayo watoto wale! Devotha alisimama nyuma yao, amejishika mdomo, anataka kulia na hawezi kulia mbele ya watoto.

Saa saba akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu akamweleza yote, hakuficha kitu. Hilary alisikiliza huku anazungusha kalamu. Si mtu mbaya Hilary, tusimsingizie. Ana shule ya kulinda.

"Sasa, mwalimu," akasema hatimaye, "hilo ni tatizo lenye dawa. Spika zipo, chomeka. Watoto wana akili, mpaka tunafunga shule watakuwa wameshika nyingi. Nani atajua?"

"Mzee Paskasi. Nimemwambia mtoto wake ni jeuri, Mwalimu Mkuu. Kwa mdomo wangu huu. Na mtoto hana kosa."

"Utaongea naye. Nani amekukataza? Lakini wageni wanakuja Alhamisi. Ukienda Nangara leo ukayamwaga, kesho iko sokoni, keshokutwa wageni wanakuja kutucheka. Ngoja wageni waondoke. Siku tatu ni nini?"

Akakubali. Ndiyo, akakubali, na hapa hatutampamba. Alijiambia ni kwa ajili ya shule, lakini moyoni alijua ni kwa ajili ya ile karatasi ya manila mlangoni na ya kuitwa mwalimu bora. Siku tatu ni nini? Mtoto anaweza kununa siku tatu akasahau.

Jumanne Ursula hakuja. Devotha alichomeka spika za kompyuta zote nane, akakaa na watoto kompyuta moja baada ya nyingine, akiuliza, akirudia, sauti ikamkauka. Kelele zilikuwa za mnada kwelikweli na Hilary safari hii hakuja kusema neno. Kila mara macho ya Devotha yalikwenda kwenye kiti cha dirishani. Jumatano kiti kilikuwa kitupu vilevile.

Jumatano mchana, Vailet, yaani Mama Salvatory, alikuja kumchukua mwanawe. Wanakaa Nangara, shamba kwa shamba na Mzee Paskasi, na Mama Salvatory ni mtu ambaye habari ikimkaa tumboni inamuuma.

"Mwalimu, umesikia ya Ursula?" akasema akishusha sauti, na kushusha sauti kwake ndiyo tangazo. "Yule mzee Jumatatu jioni kamchapa yule mtoto, jamani! Mzee hajawahi kumgusa hata kwa ukucha, wewe mwenyewe unajua anavyompenda. Nilisikia kilio nikatoka na mwiko mkononi. Nimefika anasema, mama, usiingilie, huyu amekosa adabu kwa mwalimu wake."

"Kwa mwalimu wake?" Devotha akauliza.

"Ndivyo alivyosema. Sijui alikutukana? Na sasa anasema shule basi. Jumamosi anampeleka Mbulu kwa shangazi yake akasaidie kuchunga na kuchota maji. Anasema mtoto asiyesikia kwa mwalimu, shule itamfaa nini." Akamtazama Devotha usoni. "Mwalimu, unaumwa?"

"Hapana. Joto tu."

Hapakuwa na joto. Ilikuwa imenyesha asubuhi na watu walivaa masweta. Devotha alitaka aondoke palepale, apande bodaboda, aende. Akafika mpaka getini, mkoba begani. Halafu akaona mafundi wanashusha viti vya plastiki vya wageni wa kesho, na Mwalimu Mkuu amesimama katikati anaelekeza, akampungia mkono. Akarudi. Kesho saa nane watakuwa wameondoka, akajiambia, na Jumamosi bado. Usiku ule mumewe Jovin alimuuliza mara mbili kama chakula hakina chumvi, maana hakuwa anakula.

Alhamisi walikuja walimu kumi na wawili. Mambo yalikwenda vizuri, na kwa Devotha hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Spika zilisema, chura akasema, watoto wakataja herufi zile chache walizoshika tangu Jumatatu kwa furaha ya kuzipata, na wageni wakapiga makofi. Wakaisoma karatasi ya manila. Wakapiga picha kwa simu. Mwalimu mmoja mtu mzima kutoka Bonga, Mwalimu Dorothea, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, ndiye aliyenyoosha mkono mwishoni.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Kwenye darasa kuna mtoto kompyuta inamwacha, na yeye hasemi. Huyo mnamfanyaje?"

Chumba chote kikamgeukia Devotha. Pale palikuwa mahali pake. Angesema, mwalimu mwenzangu, huyo mtoto ninaye, na kosa ni langu, na ningependa ninyi msilirudie. Akamwona Hilary mlangoni, tai imenyooka, anatabasamu.

"Tunamfuata nyumbani kwao," Devotha akasema.

Wakampigia makofi. Kwa uongo ule wakampigia makofi marefu kuliko yote ya siku ile.

Hakungoja pilau. Wageni walipokuwa wananawa mikono yeye alichukua mkoba, akamwambia Hilary, "Naenda Nangara," na mkuu alipoanza kusema "Mwalimu, subiri kwanza—" yeye alikwisha kufika getini. Akapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, anayapangua, anaanza upya, mpaka dereva akamuuliza, "Dada, unaongea na mimi?"

Mzee Paskasi alikuwa amekaa nje ya nyumba, amemwaga mahindi kwenye ungo, anachambua mbegu. Alipomwona alisimama, akaweka ungo chini, akamletea kigoda chenye mgongo, kile cha wageni. Ursula alikuwa upande wa jikoni anaosha sufuria. Akaja mbio, akapiga goti kidogo, akasema "Shikamoo mwalimu" kwa sauti ya chini, akarudi nyuma palepale bila kugeuza mgongo. Kwenye miguu yake kulikuwa na mistari, inaanza kupona. Devotha aliiona yote.

"Marahaba, mama," akaitika.

"Karibu, mwalimu," mzee akasema. "Umejisumbua kuja mpaka huku. Mimi ndiye ningekuja kwako kuomba radhi. Huyu mtoto ameniaibisha."

"Mzee, naomba unisikilize kwanza. Usiseme neno mpaka nimalize."

Akamweleza. Mzee hakuwa amewahi kugusa kompyuta, kwa hiyo alimweleza kwa maneno ya kawaida, kwamba ile mashine ina mdomo, na ndiyo inayomtajia mtoto jina la kila herufi anapoiona, na yeye Devotha aliuziba ule mdomo mwezi wa pili kwa sababu ya kelele, akausahau. Watoto wakabaki wanatazama sura tu. "Mzee, ni sawa na mimi nikuonyeshe ng'ombe wa mtu mwaka mzima," akasema, "nisikutajie jina la hata mmoja, halafu mtu baki aje akuulize, yule anaitwaje, na yule. Utamjibu nini? Ursula hakuwa jeuri. Hakujua kwa sababu hakuna aliyemwambia. Si yeye peke yake, ni darasa zima. Nimejua Jumatatu ileile, saa moja tu baada ya ninyi kuondoka, na nikaogopa kuja. Nimewaogopa wageni. Naomba unisamehe, na naomba usimpeleke mtoto Mbulu. Nipe miezi hii miwili, nitamfundisha mwenyewe kwa mkono wangu, nitaenda naye kwa masista na kuwaambia haya ninayokwambia."

Kuku alikuja akaanza kudonoa mbegu kwenye ungo, na Mzee Paskasi hakumfukuza.

"Jumatatu nilimuuliza," akasema. "Ulivyoniambia, mbane, nikambana. Nikamwambia, kwa nini hukumjibu sista? Akasema, babu, sijui zinaitwaje. Nikamwambia, mwalimu anakufundisha na kompyuta kila siku, nimeona kwa macho yangu. Akasema, babu, kompyuta haisemi."

Devotha akafumba macho.

"Nikaona anamsingizia mwalimu," mzee akaendelea, taratibu, anatazama mikono yake. "Mwalimu atamfundishaje mtoto kwa kitu kisichosema? Nikamchapa. Akasema tena, haisemi. Nikamchapa tena. Kila nikimuuliza, anasema haisemi. Ni mtoto mbishi huyu, amemrithi bibi yake. Nilimchapa mpaka akaacha kusema hivyo."

"Mzee, alikuwa anasema kweli."

"Nimesikia." Akainuka kwa shida, kama mtu aliyekaa siku nzima. "Ursula! Njoo hapa."

Mtoto akaja, mikono inachuruzika maji ya sufuria, akajifutia kwenye gauni. Akasimama mbali kidogo, mahali ambapo mkono haufiki. Mzee akamwambia kitu kwa Kimbulu, kwa upole, na mtoto hakusogea. Akarudia kwa Kiswahili ili mwalimu asikie: "Usiogope. Mwambie mwalimu lile neno uliloniambia Jumatatu. La kompyuta."

Ursula akamtazama babu yake. Akatazama mkono wake, ambao haukuwa na kitu. Akamtazama mwalimu. Devotha alikwisha kushuka kwenye kigoda, amepiga magoti kwenye vumbi ili uso wake uwe sawa na wa mtoto.

"Sema, mama," akamwambia. "Hakuna atakayekugusa. Mimi nipo. Ulimwambia babu nini?"

"Kompyuta inasema," Ursula akajibu.

"Hapana, siyo hivyo. Lile la kwanza. Lile la kweli."

"Inasema, mwalimu. Nilidanganya."

"Hukudanganya, Ursula! Mimi ndiye niliye—" Devotha akanyoosha mkono amshike bega, na mtoto akarudi nyuma hatua moja, machozi yanamtiririka bila sauti yoyote, mikono ameificha mgongoni.

"Inasema vizuri sana," akasema haraka haraka, anamtazama babu yake kuona kama amepatia. "Mimi ndiye sikusikia."